Mumiani wa mjini walikuwa na zamu na mishahara

Mnyonya damu wa Nairobi alikuwa mwajiriwa. Alivaa sare, aliingia kazini kwa zamu, alipokea mshahara mwisho wa mwezi, na mkubwa wake alikuwa Mzungu mwenye ofisi ambayo kila mtu aliijua ilipo. Watu wa mitaa ya Waafrika walimwita mzimamoto. Waliamini kwamba lile gari jekundu lililoshinda mchana kutwa likisubiri moto, usiku lilitoka kusaka watu. Aliyenaswa alitiwa shimoni, akakamuliwa kidogo kidogo mpaka damu ikamwishia, nayo damu ikapelekwa kutengenezewa dawa.

Mwambao ulikuwa na jina lake la zamani zaidi, mumiani. Kampala waliwaita bazimamoto, kusini mwa Kongo batumbula, na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, banyama. Kila ulipovuka mpaka jina lilibadilika lakini habari ilikuwa ile ile: lipo kundi la siri, lina wakubwa na wadogo, lina magari na vifaa, lina kibali kutoka juu, na watu wake tunapishana nao sokoni.

Vijana wa leo wanalijua kundi la namna hiyo kutoka kwenye filamu za Marekani na michezo ya kompyuta. Humo wanyonya damu wanatawala mji mkubwa chinichini, wana koo zao, baraza la wazee na ugomvi usiokwisha wa nani ashike usukani. Wote hao ni wajukuu wa Dracula, yule mwinyi wa riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1897, mwenye ngome yake na jeneza lake. Dracula alirithi cheo. Mumiani wa kwetu alipandishwa cheo, na hapo ndipo habari yake inaponivutia kuliko ya yule wa Ulaya.

Aliyezikusanya simulizi hizi kwa bidii kuliko wote ni mwanahistoria wa Marekani, Luise White. Miaka ya 1970 alikuwa Nairobi akiwahoji wanawake wazee wa Pumwani kuhusu biashara ya ukahaba wakati wa ukoloni. Katikati ya mazungumzo ya kodi za nyumba na wateja, wazimamoto wakawa wanajitokeza. Mwaka 1986 akaenda Siaya, magharibi mwa Kenya, na mwaka 1990 Uganda, safari hii akiwauliza watu habari hizo waziwazi. Kitabu chake kilitoka mwaka 2000. White hakwenda kuchunguza kama damu ilinyonywa kweli. Alitaka kujua kwa nini watu wenye akili zao timamu, wengi wao wafanyakazi wa mjini waliozoea mashine na saa, waliusimulia utawala kwa namna hiyo.

Kati ya watu wa Siaya aliozungumza nao alikuwemo mzee aliyewahi kuwa askari polisi Kampala. Huyo hakusimulia habari za kusikia. Aliieleza kazi ya kukamata watu kama mtu aliyeifanya: ilikuwa na ngazi, ilikuwa na mafunzo, na ilikuwa na siri uliyomfungulia mwenzako wa kazini tu. Hata mkewe, alisema, hakumwambia. Huenda mzee alikuwa akijitukuza mbele ya mgeni. Lakini tazama anajitukuza kwa kitu gani. Hadai nguvu za jini wala dawa ya kuruka na ungo. Anajivunia kuaminiwa kazini, kushika siri ya ofisi, kuwa Mwafrika aliyefika kwenye chumba ambacho wengine hawakuruhusiwa kukiona.

Kwa nini zimamoto, na kwa nini si posta au reli? Fikiria kazi yenyewe jinsi ilivyoonekana kwa mpita njia wa wakati ule. Wanaume wa Kiafrika wamevaa buti na kofia ngumu, wanaruka garini, wanakunjua mipira mirefu, wanafanya mazoezi ya kuzima moto usiokuwepo. Wanalala kituoni. Wanatoka usiku. Wana ndoo na pampu, na hakuna anayekwambia pampu hiyo inavuta nini. Zaidi ya hayo, uvumi ulifika hata kwenye miji midogo ambayo haikuwa na kikosi cha zimamoto cha kueleweka, kwa hiyo watu wakawaogopa wazimamoto kabla hawajaliona gari lao. (Siku hizi lawama zimegeuka kabisa: wananchi wanalalamika gari la zimamoto linafika nyumba ikiwa majivu, tena tangi halina maji. Sijui kipi kinamsononesha zaidi mzimamoto mwadilifu.)

Msomaji anayecheka akumbuke serikali ile ilikuwa imekwishachukua nini. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia wanaume waliswagwa kutoka vijijini kwenda kubeba mizigo ya jeshi, na makumi ya maelfu wakafa kwa njaa, kuhara na malaria, wengi bila ndugu kuambiwa walikozikwa. Majina ya Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam yanatokana na kikosi hicho cha wapagazi. Kuanzia mwaka 1920 mwanamume wa Kiafrika nchini Kenya alilazimishwa kuwa na kipande, akakivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati, chenye alama za vidole vyake na jina la mwajiri wake. Kisha wakaja watu wa afya na sindano. Walipima malale, walitibu buba, walitoboa vidole na kupaka damu kwenye vioo, wakaondoka navyo bila maelezo yaliyoeleweka. Kwa mtu aliyepitia yote hayo, kuambiwa kwamba wakubwa sasa wanataka damu hakukuhitaji imani kubwa. Ilikuwa hatua moja mbele ya yale aliyoyaona kwa macho.

Pwani habari ilikuwa na mizizi mirefu zaidi. Mumiani ilikuwa kwanza dawa halisi, kitu cheusi kama gundi au lami, kilicholetwa na wafanyabiashara kutoka Uajemi na India, kikapakwa penye mifupa iliyovunjika au kuyeyushwa kwenye samli na kunywewa. Tayari katika kamusi ya Johann Ludwig Krapf, iliyochapwa mwaka 1882, wenyeji wanatajwa kuamini kwamba Wazungu huitengeneza kwa damu ya watu. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inaongeza jambo la maisha ya mjini: uvumi ukianza kwamba mumiani inatafutwa, watu hujifungia ndani na mitaa hubaki mitupu baada ya jua kuzama. Mwandishi wa kamusi hana kawaida ya kuandika habari za hofu ya usiku. Ukiona ameziandika, ujue alikuwa akiziona.

Turudi Pumwani, maana huko ndiko ugomvi wa madaraka ulipokuwa mkali. Mtaa huu ulianzishwa na serikali miaka ya 1920 ili Waafrika wa Nairobi wawe mahali pamoja wanapoweza kuangaliwa. Miongoni mwa wenye nyumba walikuwa wanawake. Walitoka vijijini peke yao, wengi wakafanya biashara ya mwili, wakaweka akiba, wakajenga, wakapangisha. Mwanamke mwenye hati ya nyumba yake, asiye na mume wala kaka wa kumsemea, lilikuwa jambo jipya lililowakera wengi. Simulizi za wazimamoto zinamzunguka mwanamke huyo kwa sura mbili. Kwenye masimulizi ya wanawake wenyewe, yeye ndiye anayewindwa: anaishi peke yake, anatoka usiku kwenda choo cha mtaa, anasikia hatua nyuma yake, anaponea chupuchupu. Kwenye masimulizi ya wanaume, mara nyingi ndiye mshirika: ana shimo ndani ya chumba, juu yake ameweka kiti, mteja anakaribishwa aketi, na huo ndio mwisho wake. Mji ni mmoja na hofu ni moja, lakini ukijua ni nani anayesimulia unajua pia ni nani aliyekuwa akimwonea wivu nani.

Kwenye miji ya migodi, uvumi ulihamia mezani. Kongo ya Wabelgiji ilisemwa kwamba waliochukuliwa na batumbula hulishwa wakanenepeshwa, kisha wakaliwa. Nyama ya kopo ikatiliwa shaka pande zote mbili za mpaka wa shaba. Na huko Rhodesia ya Kaskazini, Wazungu walipokuwa wakisukuma Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland lililozaliwa mwaka 1953, ilivuma kwamba sukari ya dukani imetiwa sumu ili Waafrika wapoteze nguvu ya kulipinga. Hapo hata mtu mgumu wa kuelewa anaona siasa imelala wapi.

Baadhi ya watu waliiamini habari hii kiasi cha kutaka kufanya nayo biashara. Mwaka 1958 mtu mmoja alikamatwa Kampala kwa kujaribu kumuuza binadamu mwenzake kwenye kituo cha zimamoto. Alidhani wananunua. Kesi ilifika mahakamani, na gazeti likalazimika kuwafahamisha wasomaji kwamba wazimamoto hawanunui watu. Nimelisoma tukio hili mara kadhaa na bado linanishangaza. Huyu hakuwa mwathirika wa uvumi wala mpinzani wa ukoloni. Alilikubali kundi la siri kama lilivyosimuliwa, akaona nafasi ya ajira.

Mwaka uliofuata zamu ikawa ya Dar es Salaam. Buguruni wakati ule ilikuwa pembezoni mwa mji, mahali pa watu waliojenga bila ramani na wasiopenda kuona sare ikikaribia, kwa kuwa sare ilikuja kuuliza kodi. Nchi ilikuwa katika msimu wa uchaguzi uliofanywa kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, chama cha TANU kikizoa viti na serikali ya kikoloni ikiona ardhi ikiteleza chini ya miguu yake. Katika hali hiyo uvumi wa mumiani ukazagaa, umati ukamzingira askari polisi uliomdhania kuwa mmoja wao, ukamuua.

Mwanahistoria James Brennan, aliyelichunguza tukio hilo, ana ugomvi wa kiungwana na White. Akiangalia Buguruni, anaona hatari ya kuufanya uvumi kuwa fumbo zuri la ukoloni na kusahau kwamba kuna siku maalumu, mtaa maalumu, na maiti. Naegemea upande wake. Tumezoea siku hizi kusema, kwa sauti ya kisomi, kwamba mumiani ilikuwa lugha ya wanyonge dhidi ya wenye nguvu. Sawa. Lakini hesabu waliopigwa. Gavana hakuguswa, wala bwana shauri, wala daktari mkuu. Aliyekufa Buguruni alikuwa askari wa ngazi ya chini, mtu ambaye labda kodi ya chumba chake ilimsumbua kama ilivyowasumbua waliomuua. Lile kundi la siri la kwenye simulizi lina wakubwa wasioonekana na wadogo wanaoonekana, na umati una mikono ya kuwafikia wanaoonekana tu.

Baada ya uhuru damu haikutoweka kwenye siasa. Ilibadili msemaji. Yaliyokuwa manong'ono ya usiku yakawa maneno ya jukwaani: mnyonyaji, kupe, mirija ya kukatwa. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliufanya unyonyaji kuwa adui rasmi wa taifa. Safari hii mshukiwa hakuwa na gari jekundu. Alikuwa na duka, au nyumba ya kupangisha, na katika Dar es Salaam hiyo ilimaanisha kwamba mara nyingi alikuwa na asili ya Kihindi. Sheria ya mwaka 1971 ya kutaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yaliyokuwa yamepangishwa iliwaangukia wao zaidi ya wengine, na wengi wakaihama nchi. Sisemi sera yote ilikuwa mumiani kwa jina jingine, maana kodi za Kariakoo na Upanga zilikuwa kero ya kweli, na tofauti ya kipato ilikuwa ya kutisha. Nasema tu kwamba chama cha TANU kilijua ni picha gani iliyokwisha kukaa vichwani mwa watu, na kikaitumia.

Hatima ya mtu mmoja inalionyesha hilo kwa namna ya ajabu. Jayantilal Keshavji Chande, maarufu kwa jina la Andy, alizaliwa Mombasa mwaka 1928 na kulelewa Bukene, Tabora. Familia yake ilikuwa na viwanda vya kusaga nafaka, vikataifishwa mwaka 1967. Kisha Mwalimu Nyerere akamwomba aviongoze vile vile viwanda, sasa vikiwa mali ya umma, naye akakubali, akaendelea kuongoza mashirika ya umma kwa miaka mingi. Aliponea kuitwa kupe. Uzeeni akakutana na tuhuma nyingine: Chande alikuwa Freemason wa cheo cha juu kabisa Afrika Mashariki, wala hakulificha jambo hilo. Aliandika kitabu cha maisha yake, akajibu maswali ya waandishi wa habari, akaeleza kwamba chama chao kinasaidia shule na hospitali. Haikusaidia sana. Mjini watu walikuwa tayari wanajua, kwa uhakika ule wa kijiweni, kwamba utajiri wa ghafla hutoka kwa Freemason na kwamba kiingilio chake ni damu ya mtu wa nyumbani kwako. Chande alifariki mwaka 2017. Vibandiko vya kukaribisha watu wajiunge na Freemason, vikiwa na namba ya simu chini, bado vinaonekana kwenye nguzo za umeme, na anayepiga hukutana na tapeli anayeomba ada ya usajili.

Kenya ililipeleka jambo hili mbali zaidi, hadi Ikulu. Oktoba 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani nchini, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Kanisa Katoliki. Tume ilikusanya ushahidi wa watu waliozungumzia kafara za binadamu na unywaji wa damu, ikamaliza kazi yake, na ripoti ikakaa kabatini miaka kadhaa, mpaka mwaka 1999 ilipofikishwa bungeni. Zingatia wakati wake. Vyama vingi vilikuwa vimerudi, uchumi ulikuwa taabani, matajiri wapya walikuwa wakiota Nairobi kama uyoga, na watu walikuwa wakiuliza pesa hizo zimetoka wapi. Tume ya shetani ilitoa jibu ambalo halikuhitaji kuchungulia vitabu vya hazina.

Kisha ikaja Malawi, na hapa hatuzungumzii tena kumbukumbu za wazee. Mwishoni mwa 2002 na mwanzoni mwa 2003, nchi ikiwa imetoka kwenye njaa, ilivuma kwamba serikali ya Bakili Muluzi imekubaliana na mashirika ya misaada ya kigeni: damu ya wananchi ibadilishwe kwa chakula. Muluzi alitoka hadharani kukanusha na kuwalaumu wapinzani wake, wakati huo huo kukiwa na mvutano mkali juu ya jaribio la kumwongezea muhula wa tatu. Mtangazaji wa redio mjini Blantyre alikamatwa kwa kurusha mahojiano na mtu aliyedai kushambuliwa na mnyonya damu. Mwezi Januari 2003 umati wa Blantyre ukampiga mawe Eric Chiwaya, kiongozi wa chama tawala katika mji huo, kwa tuhuma kwamba anawahifadhi wanyonya damu. Alijeruhiwa, akapona. Katika historia yote hii sijui mara nyingine ambapo jiwe lilimfikia mtu wa ngazi ile.

Septemba 2017 uvumi ulirudi, safari hii ukianzia wilaya za kusini kama Mulanje na Phalombe. Vijana waliweka vizuizi barabarani usiku na kukagua magari. Umoja wa Mataifa uliwaondoa wafanyakazi wake katika baadhi ya wilaya hizo, na serikali ikatangaza amri ya kutotoka nje usiku. Rais Peter Mutharika alizunguka maeneo hayo akiahidi uchunguzi, na akawaonya wanaotumia uchawi kunyonya watu damu kwamba waache mara moja. Sheria ya Uchawi ya nchi yake, iliyotungwa na Waingereza mwaka 1911, inamhesabu kuwa mkosaji yule anayemwita mwenzake mchawi.

Tarehe 19 Oktoba ghasia zikaingia Blantyre. Watu wawili waliuawa katika mji huo siku hiyo, mmoja kwa mawe, mwingine kwa moto. Aliyechomwa alikuwa kijana mwenye umri wa miaka 22, mgonjwa wa kifafa. Polisi walikamata watu 140.